Mlango Ukifungwa kwa Amri, Mwanamke Atokee Wapi?

Machi 2020 sote tulipewa agizo moja, redioni, kwenye mabango na hata kwenye simu kabla haijaita: kaa nyumbani. Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha korona tarehe 13 mwezi huo. Shule zikafungwa ndani ya siku chache, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili, Nairobi na viunga vyake ikafungwa, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale, haingii mtu wala hatoki.

Nia ya amri hiyo ilikuwa kuokoa maisha. Lakini ilichukulia kwamba nyumbani ni salama kwa kila mtu, na wako wanawake wengi ambao anayewatishia roho analala nao kitanda kimoja. Hao tuliwafungia pamoja na mtesi wao, tukawapungia mkono, tukawaambia wanawe mikono.

Dalili zilionekana upesi. Tarehe 1 Aprili, hata kabla ya Nairobi kufungwa, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitoa taarifa kuwa makosa ya ngono yalikuwa yameongezeka sana kwa wiki mbili, yakawa asilimia 35.8 ya kesi za jinai zilizoripotiwa katika muda huo. Alieleza kwamba baadhi ya watuhumiwa walikuwa jamaa wa karibu, walezi au watu wanaoishi na waathiriwa. Simu ya bure ya 1195, inayopokea taarifa za dhuluma za kijinsia nchini, ilikuwa imepigiwa mara 86 mwezi Februari. Mwezi Juni ilipigiwa zaidi ya mara 1,000.

Watu walisema korona imeleta vipigo. Si kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014, miaka sita kabla ya korona, ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 34. Kipigo kilikuwepo kabla ya kafyu na kipo hadi leo. Kafyu iliziba njia ambazo mwanamke alikuwa akizitumia kukikwepa, na njia hizo nyingi zilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyezihesabu kuwa msaada.

Ushauri wangu katika makala haya umesimama hapo. Njia za kutokea huandaliwa mapema, mlango ukiwa bado wazi. Na mlango haufungwi na korona peke yake. Mafuriko hufunga, kama yalivyofanya mwaka wa 2024. Kufutwa kazi hufunga. Ujauzito mgumu, mtoto mgonjwa, kuhamishiwa kijijini kwa wakwe, yote hufunga. Anayesubiri serikali itangaze ndipo ajiandae, amechelewa.

Njia zilizozibwa

Fikiria ploti moja ya mabati, iwe Kayole, Mathare au Bombolulu. Vyumba kumi vinatazamana, kila kimoja futi kumi kwa kumi, mfereji mmoja wa maji katikati na choo mwisho wa ua. Siku za kawaida, mama anayepigwa chumba namba sita anajua ratiba ya kupumua kwake. Alfajiri anakwenda sokoni au kufua nguo za watu mtaa wa pili. Mchana mume yuko mjengo au barabarani na matatu. Jumapili ana kanisa asubuhi na chama mchana, au Ijumaa ana darsa msikitini. Mambo yakizidi, anawachukua watoto na kupanda basi kwenda kwa mama yake wiki mbili, mpaka hasira ishuke. Mwalimu wa mtoto anaona alama na kuuliza. Muuguzi wa kliniki anaona jicho na kuuliza.

Sasa ondoa yote hayo kwa siku moja. Kazi ya kufua imekwisha kwa sababu wenye nyumba wanaogopa kuingiziwa virusi. Chama hakikutani, ibada imesitishwa. Basi la kwenda kwao halipiti kizuizi cha polisi. Shule imefungwa, na kliniki inaogopwa. Mahakama zimepunguza shughuli. Baa zimefungwa, chupa imehamia nyumbani. Saa moja jioni geti la ploti linatiwa kufuli, na nje kuna askari wenye rungu ambao mtaa mzima unajua wanavyowashughulikia waliochelewa. Mama wa namba sita yuko ndani na mtu asiye na kazi, asiye na pesa, aliyezoea kumaliza machungu yake juu ya mwili wa mkewe.

Majirani wanasikia. Ukuta wa mabati hauna siri. Redio inaongezwa sauti pande zote mbili, kwa sababu kila mtu anajiambia kwamba ya ndani hayatoki nje.

Ninachoomba ni tuzirudishe njia hizo moja moja, kila mmoja wetu mahali alipo.

Kwako unayeishi na hofu

Dada yangu, kwanza pima hatari bila kujidanganya. Kila kipigo ni kosa, lakini ziko dalili ambazo zikionekana, mipango ya kuvumilia inapaswa kukoma. Amewahi kukukaba shingo? Amewahi kukushikia kisu, panga au bunduki, au kukumwagia mafuta ya taa? Amewahi kusema atakuua, atawaua watoto au atajiua? Alikupiga ukiwa mjamzito? Anakufuata kila unapokwenda na kukuhesabia dakika? Vipigo vinakaribiana na kuwa vikali kuliko mwanzo? Kukabwa, hasa, usikuchukulie kuwa hasira ya kawaida. Mtu aliyewahi kukukaba ameonyesha kwamba anaweza kukuua, na tafiti za mauaji ya wanawake zimelirudia jambo hilo mara nyingi. Ukikabwa nenda hospitali hata kama shingo haina alama. Sauti ikikauka, kumeza kukiuma, au ukiona vidoa vyekundu machoni, nenda saa hiyo hiyo.

Pili, chagua mtu mmoja na umwambie ukweli wote, nusu nusu haimsaidii. Awe jirani wa kuaminika, dada yako, shangazi, rafiki wa chama au mama mboga wa pale kona. Kubalianeni ishara. Katika chumba kimoja huwezi kupiga simu ukasema "ananiua", lakini unaweza kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Ile dawa ya kifua ya mtoto ilibaki?" na mwenzako akajua maana yake ni kuja sasa hivi na mtu wa pili. Leso ya rangi mliyokubaliana ikianikwa peke yake upande wa kushoto wa kamba, maana yake hali si nzuri, nitumie mtoto aje kuomba chumvi. Mwaka wa 2020 shirika moja la Canada lilieneza ishara ya mkono kwa ajili ya simu za video: unaonyesha kiganja, unakunja kidole gumba ndani, kisha unafunga vidole vinne juu yake. Hiyo pia unaweza kumfundisha mwenzako. Ishara yoyote inafaa, mradi ieleweke kwa watu wawili na isieleweke kwa wa tatu.

Tatu, linda simu yako. Nambari ya msaada ihifadhi kwa jina lisilovuta macho, kama "Fundi cherehani". 1195 hailipiwi na inapokelewa saa zote. Chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, nacho kina laini ya bure, 0800 720 501. Ukishapiga, futa rekodi ya simu hiyo. Kama mume hukagua simu yako kila jioni, piga kwa simu ya jirani, ya dukani au ya wakala wa M-Pesa. Badilisha nambari ya siri ya M-Pesa ikiwa anaijua. Picha za majeraha usizihifadhi kwenye simu yako. Mtumie mtu wako, pamoja na tarehe, kisha uzifute kabisa kwenye simu yako.

Nne, andaa vitu vya kutoka navyo, na visikae nyumbani mwako ikiwa kuna mahali pengine salama. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kijitabu cha kliniki, cheti cha ndoa kama kipo, hati za shamba au risiti za kodi ya nyumba. Kama nakala halisi haziwezi kutoka bila kuonekana, zipige picha na uzitume. Weka dawa zako za kila siku za wiki moja, ziwe za presha, kisukari au ARV. Ongeza nguo moja ya kila mtoto na ufunguo wa ziada. Weka pia nauli ya pesa taslimu, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza ambacho mtesi hunyang'anya, na M-Pesa yako inaondoka nayo. Mia mbili mia mbili kila wiki kwa mweka hazina wa chama, ambaye anajua pesa hizo ni za nini, zinaweza kukufikisha mbali.

Tano, watoto. Wafundishe mambo matatu tu: wasiingie kati, wakimbilie mlango gani, na nambari ya simu ya nani waikariri. Usimpe mtoto kazi ya kukutetea wala ya kubeba siri nzito. Mwambie wazi kwamba ugomvi huo si kosa lake.

Sita, moto ukiwaka, jua pa kusimama. Usikimbilie jikoni penye visu na stovu. Kwenye chumba kimoja, kaa upande wa mlango. Piga kelele yenye maneno. Ukisema "Nisaidieni, ananiua!" au ukimwita jirani kwa jina, unamfanya aliyesikia ashindwe kujifanya hakusikia.

Na la mwisho katika sehemu hii, usimtangazie kwamba unaondoka. Kipindi ambacho mwanamke anaondoka, au ametoka kuondoka, ndicho hatari kupita vyote, kwa sababu mtu aliyezoea kumtawala anaona utawala unamponyoka. Ondoka akiwa hayupo, ukiwa na mtu, kwenda mahali asipopajua. Mazungumzo, kama yapo ya kufanywa, yafanyike baadaye, kwa simu au mbele ya watu.

Ukishaumizwa: saa, karatasi na ushahidi

Nenda hospitali kwanza. Watu wengi hufikiri lazima waanzie polisi ndipo watibiwe, na kwa kufikiri hivyo wanapoteza saa ambazo mwili unazihitaji. Ukibakwa, na mume naye anaweza kukulazimisha kwa nguvu na vitisho, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120. Ni vigumu kutooga baada ya jambo kama hilo, lakini jitahidi usioge wala usifue nguo. Zifunge kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huozesha ushahidi. Hospitali itajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji. Hospitali kuu kadhaa za umma zina vituo vya waathiriwa wa dhuluma, ikiwemo Coast General kule Mombasa na Kenyatta jijini Nairobi. Kituo kilicho ndani ya Nairobi Women's Hospital kimekuwa kikihudumia waathiriwa tangu 2001.

Kisha polisi. Hapa ndipo wanawake wengi hukata tamaa, kwa hiyo ingia ukijua utakachosema. Kwenye kaunta utaulizwa mbele ya watu, "Mama, shida gani?" Jibu: "Naomba kuzungumza na afisa wa dawati la jinsia, faraghani." Sheria inakuruhusu kutoa taarifa yako kwa afisa wa jinsia yako. Ukiwa naye, sema nani, nini, lini, kwa kutumia nini, na nani aliona: "Jana saa mbili usiku mume wangu alinipiga kichwani kwa mwiko wa ugali, akanikaba shingo, watoto wawili wakiona." Sentensi kama hiyo ina uzito kuliko nusu saa ya kusimulia ndoa nzima. Afisa akikuambia mkayamalize nyumbani, usibishane naye. Sema tu, "Naomba iandikwe kwenye OB na nipewe nambari." Nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, inathibitisha kwamba ulifika na ulisema. Omba pia fomu ya P3 ili daktari aandike majeraha yako. Fomu yenyewe haiuzwi. Nenda na mtu, kwani mwanamke aliyesindikizwa husikilizwa haraka, hata kama haipaswi kuwa hivyo.

Halafu kuna mahakama, njia ambayo wengi hawaijui kabisa. Tangu 2015 Kenya ina Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Haizungumzii kipigo peke yake. Inataja vitisho, kufuatwafuatwa, kuharibiwa mali, kunyimwa haki za kiuchumi, hata wakwe kuingilia na kusumbua. Haikuulizi kama mlifunga ndoa. Inawahusu waliooana, walioachana, wachumba, ndugu na watu wanaoishi nyumba moja. Unaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi, na hali ikiwa ya hatari itolewe amri ya muda kabla hata mwenzako hajasikilizwa. Amri hiyo inaweza kumkataza kukugusa au kukukaribia, na inaweza kumtoa yeye nyumbani. Kila mara tumezoea mwanamke ndiye anayekimbia na watoto mgongoni, ilhali sheria inatambua kwamba anayepaswa kuondoka ni anayepiga. Ikiwa hofu au hali yako hairuhusu ufike mwenyewe, mwingine anaweza kuomba kwa niaba yako. Mwenye kuivunja amri ametenda kosa la jinai.

Kwa wasomaji wa nchi jirani, milango ipo pia. Tanzania haikufunga watu ndani kama sisi, lakini vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, fomu ya matibabu ni PF3, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko. Uganda ina sheria yake ya dhuluma za nyumbani tangu 2010. Rwanda ina vituo vya Isange, ambamo daktari, polisi na mshauri wanapatikana chini ya paa moja, kwa hiyo mwathiriwa hazungushwi kutoka ofisi hadi ofisi.

Kwako jirani, mama mzazi na rafiki

Usimuulize "Kwani ulimfanya nini?" Swali hilo linamfungia mlango uliokuwa mwanya tu. Usimuulize pia mbona haondoki. Muulize, "Uko salama leo usiku?" na "Unataka nifanye nini?" Kisha fanya hicho alichosema, si hicho unachodhani. Ukienda kumkabili mumewe kwa ushujaa wako halafu ukarudi kwako kulala, ni yeye atakayelipa.

Ukisikia kipigo, kata mfululizo wake. Gonga mlango mkiwa wawili au watatu. Huna haja ya kuhukumu. Omba kiberiti, sema maji yanamwagika, sema mwenye ploti anamtafuta baba fulani. Mtesi hutegemea kutoonwa, na dakika moja ya macho ya watu imewahi kuokoa mtu. Kama kuna silaha, usiingie. Piga simu, piga kelele, waiteni watu. Unayeshuku dhuluma una ruhusa ya sheria kutoa taarifa, hata kama mwenyewe hajathubutu.

Mama mzazi, nasema nawe kwa heshima. Binti anaporudi usiku na watoto, mahari iliyoliwa si sababu ya kumrudisha asubuhi. Tumeimbiwa kwamba mwanamke ni kuvumilia hadi tukawazika waliovumilia vizuri. Mpe kitanda, mpe muda, na umuulize kama amewahi kukabwa kabla hujaitisha kikao cha wazee. Vikao vina nafasi yake katika magomvi ya kawaida ya ndoa. Havina nafasi pale palipo na kisu, wala haviwezi kumaliza kwa mbuzi kosa la kunajisi mtoto. Hilo ni jinai, na kulificha kunamwacha mkosaji na mtoto ndani ya ua mmoja.

Chama kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko kukopeshana. Tengeni mfuko mdogo wa dharura usioandikwa majina, ambao katibu na mweka hazina wanaweza kuutoa usiku bila kikao. Tafuteni mwanabodaboda au dereva mmoja anayeaminika, ajue kwamba akiitwa saa nane usiku asiulize maswali. Wakati wa kafyu daktari mmoja wa Nairobi, Jemimah Kariuki, alianzisha mpango wa Wheels for Life ili wajawazito wasafirishwe bure usiku hadi hospitali, na madereva wa teksi wakajitokeza. Wanawake waliokuwa wanakufa kwa kukosa gari walipata gari kwa sababu mtu mmoja aliuliza "Nani ana gari?" Anayekimbia kipigo anahitaji swali hilo hilo liulizwe kwa ajili yake.

Kwako baba, kaka na kijana

Mwaka 2020 wanaume wengi walipoteza kazi. Matatu zilibeba abiria wachache kuliko kawaida, hoteli zikafungwa, vibarua vikakauka. Aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu ni nzito, na siidharau. Lakini wanaume wengi mno walifutwa kazi wakakaa na wake zao wakila sukuma wiki bila ugali, na hawakuinua mkono. Umaskini ulikuwa mmoja, uamuzi ukawa tofauti. Hata pombe haikuamui. Anayempiga mkewe akilewa hampigi mwajiri wake akilewa, maana yake bado anajua nani anaweza kupigwa na nani hawezi.

Kama unajijua una mkono mwepesi, panga leo ukiwa mtulivu. Mwambie mkeo hali halisi ya pesa, ili bei ya unga isiwe kesi kila jioni. Ukisikia kifua kinapanda, toka uketi kwenye mfereji, ndani ya geti, hata kama ni kafyu. Usirudi mpaka uweze kuongea bila kupaza sauti. Uwe na mwanamume mmoja wa kumpigia, ambaye hatakuambia "mfundishe adabu". Na kama umeshapiga, maua na radhi havitoshi. Tafuta ushauri nasaha, na ukubali kuishi mbali kwa muda ikiwa mkeo anaogopa. Wewe usiyepiga, wenzako wakijisifu kijiweni usicheke. Kicheko chako wanakipeleka nyumbani kama ruhusa.

Kwa wenye mamlaka

Chifu, mzee wa nyumba kumi, padri, pasta, imamu: mwanamke anapofika kwenu hajaja kutafuta dua peke yake. Kabla ya kumwambia arudi akasali, muulize kama ametishiwa kuuawa. Kaeni na nambari za msaada ukutani na jina la afisa wa dawati la jinsia wa kituo chenu.

Na serikali, amri nyingine ikija, itoke ikiwa na njia za kutokea zilizoandikwa ndani yake. Nyumba za hifadhi na wahudumu wa simu za msaada vihesabiwe huduma muhimu tangu siku ya kwanza. Itangazwe redioni, kwa Kiswahili na kwa lugha za mashinani, kwamba anayekimbia kipigo hajavunja kafyu, na askari wa vizuizini waambiwe hivyo hivyo. Mahakama zipokee maombi ya amri za ulinzi kwa simu. Katika visiwa vya Canary kule Uhispania, mwaka 2020, mwanamke aliweza kuingia duka la dawa akaomba "barakoa 19", neno la siri la kuomba msaada, na muuzaji akaita polisi. Ufaransa nayo ilitumia maduka ya dawa, na ikaahidi kulipia malazi ya hotelini ya usiku 20,000 kwa wanawake waliotoroka. Sisi tuna maduka ya dawa kila mtaa, na mawakala wa M-Pesa kila kona, mahali ambapo mwanamke anaweza kufika bila kuulizwa anakwenda wapi. Wafunzwe. Gharama yake ni ndogo.

Ufanye nini wiki hii

Kafyu ya Kenya iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mageti yalifunguliwa, na wengi tukadhani suala hili limepita pamoja na barakoa. Januari 2024 wanawake kwa maelfu waliandamana nchini kupinga mauaji ya wanawake, bila kafyu yoyote. Kwa hiyo usiyaweke makala haya kwa ajili ya korona nyingine.

Kama unaishi na hofu, chagua yule mtu mmoja na umpe ishara kabla wiki haijaisha. Kama unaishi kwa amani, hifadhi 1195 kwenye simu yako, kisha mwendee yule jirani ambaye umewahi kumwongezea redio sauti. Mkute akiwa peke yake, sokoni au mferejini, na umwambie: "Mlango wangu uko wazi saa yoyote, na sitakuuliza kitu." Huenda asikujibu siku hiyo. Mwache, na usiufunge mlango.